Muguka, Sheria na Shamba Lako

Leo sitazungumza juu ya mbolea, wala juu ya nafasi ya kupandia. Nataka tuzungumze juu ya sheria. Najua mkulima akisikia neno hilo, mawazo yake huenda moja kwa moja kwenye mpaka wa shamba au hati ya ardhi. Lakini iko sheria nyingine inayoweza kuingia shambani mwako bila kupiga hodi, nayo ni ile inayosema jani hili ni zao na jani lile ni dawa ya kulevya.

Wewe unayelima kahawa au mahindi usiondoke. Habari hii inaanzia kwa wenzako wa muguka kule Mbeere na wa miraa kule Igembe na Tigania, lakini ina mambo yanayomhusu kila mtu anayepulizia dawa ya wadudu.

Kabla sijaenda mbali, ni haki yako kujua nimesimama wapi. Mimi nimezaliwa Pwani, katika Kaunti ya Kilifi. Kazi yangu iko huku bara, katika chuo cha kilimo, na wakulima ninaowatembelea wengi wana muguka. Kwa hivyo jambo hili linanivuta mkono huu na mkono huu. Mwisho wa mwezi wa Mei mwaka 2024 lilinivuta siku moja pande zote mbili.

Mtakumbuka ya kwamba siku zile Gavana wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, alitoa amri ya kupiga marufuku kuingiza, kuuza na kutumia muguka katika kaunti yake. Kilifi na Taita Taveta nao wakafuata. Asubuhi moja nilikuwa kwenye shamba la maonyesho, akaja mama mmoja ninayemfahamu, mwenye ekari moja na nusu. Alikuwa amekwisha kuchuma tangu alfajiri, gunia liko mgongoni mwa punda. Akaniambia, "Mwalimu, nimeuliza madereva wote, hakuna gari la kushuka Mombasa leo. Hili jani nilifanye nini?"

Sasa wewe unajua muguka ulivyo. Si mahindi ya kuweka ghalani. Jani likichumwa linaanza kupoteza nguvu siku ile ile, na baada ya siku mbili hivi mnunuzi halitaki tena. Kiini chake cha kuchangamsha, wataalamu wanakiita kathinoni, huvunjika kadiri jani linavyokauka. Ndiyo sababu magari ya miraa hukimbia barabarani kama yamefukuzwa, na ndiyo sababu mama yule hakuwa na nafasi ya kungoja wakubwa wamalize kuzungumza. Sikuwa na jibu la kumpa. Nilimsaidia kushusha gunia, tukalitandaza jani juu ya turubai kivulini, ingawa sote wawili tulijua kivuli hakitasaidia.

Usiku ule ule mama yangu mzazi alinipigia simu kutoka nyumbani. Alikuwa na furaha. "Mwanangu, safari hii wamefanya vizuri. Mdogo wako halali, hali, amekonda. Ameuza mbuzi wangu wawili bila kuniambia." Kisha akaniuliza kama ni kweli kwamba mimi ndiye ninayewafundisha watu kulima majani yale.

Basi ndugu mkulima, nikizungumza leo usinisikilize kama mtu wa upande mmoja.

Kwanza tuweke wazi sheria ya Kenya ilivyo, kwa maana maneno ya sokoni ni mengi. Miraa na muguka ni mti mmoja. Miraa ya Nyambene huachwa ikawa mti, na mlaji hutafuna ganda la vijiti vyake vichanga. Muguka wa Mbeere hukatwa ukabaki kichaka kifupi, na mlaji hutafuna jani changa lenyewe. Katika Kenya mti huu si marufuku. Bunge liliupandisha kuwa zao rasmi mwaka 2016, lilipobadilisha Sheria ya Mazao ya mwaka 2013 ili miraa iorodheshwe humo. Mwaka 2023 zikatoka kanuni za miraa, nazo zinahusu usajili wa wakulima na leseni za wafanyabiashara. Rais aliposema Mei 2024 ya kwamba amri za kaunti za Pwani hazina nguvu, alitegemea hizo. Mahakama Kuu kule Embu nayo ikasimamisha amri zile, na magari yakaanza kushuka tena.

Lakini usifikiri kwamba mambo yamekwisha. Ukivuka mpaka tu, jani lile lile ni kosa. Tanzania wanaliita mirungi, na kulilima, kulibeba na kuliuza ni kosa kubwa la jinai. Watu wa milima ya Same wanalijua vizuri. Kwa hivyo kijana wako akiambiwa na mtu, "Nipelekee kifurushi hiki ng'ambo ya Taveta au Namanga," akatae. Hilo si jambo la faini ndogo.

Uganda wao wamegeuka mara nyingi kiasi cha kumchanganya mkulima. Bunge lao lilipitisha sheria iliyoukataza mti huu pamoja na bangi. Mwezi wa Mei 2023 Mahakama ya Katiba ikaifuta sheria ile, kwa sababu siku ilipopitishwa haikuthibitishwa kwamba wabunge waliokuwamo walitimiza idadi inayotakiwa. Wakulima wakashangilia. Kabla mwaka haujaisha Bunge likapitisha nyingine, na makatazo yakarudi. Mtu aliyepanda miche wakati wa shangwe ile alikuwa na miche ya haramu kabla haijakomaa.

Na ng'ambo ya bahari? Uholanzi ilikataza miraa Januari 2013. Uingereza, ambako ilikuwa ikiingia zaidi ya tani 2,500 kwa mwaka, ilikataza tarehe 24 Juni 2014. Hapo pana jambo la kufikiria. Baraza la wataalamu lililoishauri serikali ya Uingereza lilisema mapema mwaka 2013 kwamba ushahidi wa madhara hautoshi kuhalalisha kukataza. Serikali ikawasikiliza, ikawashukuru, ikakataza. Sababu mojawapo waliyoitoa ni kwamba nchi jirani zimekwisha kukataza, nao hawakutaka Uingereza iwe ghala la kupitishia mzigo. Mkulima wa Maua hakuulizwa neno. Halafu Machi 2020, wakati wa korona, Somalia ikafunga anga, na miraa haikuruhusiwa kurudi mpaka Julai 2022 baada ya serikali mbili kukubaliana. Miaka miwili na zaidi, ndugu mkulima. Mti uko shambani, mikono ipo, mvua ipo, soko halipo.

Sasa ule mjadala wenyewe. Wako wanaosema ikatazwe kabisa. Wako wanaosema iachwe huru kama chai. Na wako wa katikati, wanaosema iwe halali kwa mtu mzima, lakini iwekewe mipaka: isiuzwe kwa mtoto, isiuzwe karibu na shule, muuzaji awe na leseni, na kodi inayotoka humo isaidie kutibu walioshindwa kuacha.

Mimi nimewahi kukaa katika mikutano ya wakulima ambapo mtu husimama akasema, "Muguka ni mboga tu." Watu hupiga makofi. Mimi sipigi. Jani hili si mboga. Kathinoni ni jamaa ya vile vidonge vya kuchangamsha ambavyo hospitali haikupi ovyo. Inaondoa usingizi, inaondoa njaa, inapandisha mapigo ya moyo. Mtu mwenye shinikizo la damu anajihatarisha. Kijana anayetafuna mchana na usiku, pesa yake yote huishia hapo, na akikosa huwa mkali, mwenye huzuni. Hayo nimeyaona nyumbani kwetu, sikuyasoma kitabuni.

Wala anayesema muguka ni sawa na heroini hasemi kweli. Kamati ya wataalamu ya Shirika la Afya Duniani iliichunguza miraa mwaka 2006, ikaona mti wenyewe hauhitaji kuwekwa chini ya udhibiti wa kimataifa. Haikusema ni salama. Ilisema uzito wake si wa kiasi kile. Tofauti hiyo ina maana, kwa sababu ukimwambia kijana uongo kuhusu muguka, siku utakapomwambia ukweli kuhusu heroini hatakuamini, na Pwani yetu ina heroini.

Ukiniuliza mimi naegemea wapi, nitakujibu kwamba nawaegemea wale wa katikati. Serikali ya kikoloni nayo ilijaribu kuizuia miraa katika wilaya za kaskazini miaka ya 1940, na jani likaendelea kusafiri usiku. Amri ya kaunti moja hupandisha bei, humtajirisha anayejua njia za vichochoro, na yule mtoto wa miaka 14 bado hupata kifurushi chake. Lakini mipaka hii ikitaka kufanya kazi lazima ianzie shambani, na hapo ndipo wengi wetu tunapoteleza.

Nianze na dawa ya wadudu, maana ndiyo inayonikosesha usingizi.

Mahindi huchomwa au hupikwa. Sukuma wiki huoshwa, hukatwa, huwekwa jikoni. Muguka hutoka mkononi mwako, ukaingia ndani ya jani la mgomba, ukasafiri usiku kucha, na asubuhi uko mdomoni mwa mtu. Hauoshwi. Haupikwi. Na hata ungeoshwa, dawa nyingi siku hizi ni zile zinazoingia ndani ya utomvu wa mmea, maji hayazitoi. Sasa tazama kalenda yako. Unachuma kila wiki, pengine kabla ya wiki. Chukua chupa ya dawa uliyo nayo nyumbani, usome kibandiko, na kama macho hayakusaidii mwite mtoto akusomee. Utakuta pameandikwa siku za kungojea kati ya kupulizia na kuvuna. Ziko dawa za siku 3, ziko za siku 7, ziko za siku 14 na zaidi. Ikiwa umepulizia Jumatatu dawa ya siku 14, kisha Alhamisi ukachuma, umemuuzia mtu sumu. Sina neno laini la kusema hapo.

Tazama pia kama miraa au muguka umetajwa kwenye kibandiko. Kama haukutajwa, hakuna aliyepima dawa ile juu ya jani la kutafunwa bichi. Yule kijana wa duka la pembejeo atakuambia, "Hii ni nzuri, wote wanaitumia." Muulize nani aliipima.

Fanya hivi. Ligawe shamba lako mafungu manne. Usipulizie kwa kufuata tarehe; ingia kwanza ukague, pindua majani, tazama kama wadudu wapo na wako wapi. Mara nyingi utawakuta kwenye fungu moja tu, upande wa magugu. Kata vichipukizi vilivyoshambuliwa, uvizike. Palilia. Ikikulazimu kupulizia, pulizia fungu lile moja, chomeka mti wenye kitambaa chekundu, na usichume humo mpaka siku za kwenye kibandiko ziishe. Andika tarehe kwenye daftari. Mafungu mengine matatu yataendelea kukupa pesa. Wachumaji waelezwe maana ya kitambaa. Najua utasema kuacha fungu moja ni hasara. Ni kweli, ni hasara. Lakini siku mtu wa kutaka kukataza zao hili atakapopeleka jani kwenye maabara, akitafuta ushahidi, fikiria ataupata kwa nani.

Jambo la pili ni watoto. Nimepita katika mashamba saa nne asubuhi, siku ya shule, nikakuta vidole vidogo vinachuma kwa sababu vina wepesi. Sheria ya nchi haiwaruhusu, nawe unajua. Na yule anayekuja langoni na shilingi 20 anunue kiganja kimoja, umtazame uso kwanza. Kama ni wa rika la mwanao wa darasa la nane, mwambie aende. Sisi tunawadai watu wa Mombasa watuheshimu, na huku kwetu hatuna habari.

Jambo la tatu ni shamba lote kuwa muguka. Hapa sitakudanganya. Maofisa wengi huja na hesabu ya karatasini, wakamwambia mkulima ang'oe muguka apande ndengu. Nimeifanya hesabu hiyo mwenyewe mara nyingi, kwa haki, na haikubali. Ndengu hukupa pesa mara moja kwa msimu. Muguka hukupa kila wiki, na ada ya shule haingoji msimu. Katika nchi kavu kama Mbeere muguka huvumilia jua ambalo mahindi hayawezi. Watu hawakuupanda kwa ujinga. Kwa hivyo sisemi ng'oa.

Ninachosema ni kwamba zao ambalo soko lake linaweza kufungwa usiku mmoja kwa amri, liwe ya kaunti, ya nchi jirani au ya nchi ya ng'ambo, lisimeze ardhi yote inayolisha watoto wako. Ukiwa na ekari moja na nusu, acha angalau nusu ekari ya chakula: mtama, kunde, ndengu kama N26 inayokomaa kwa miezi miwili na siku chache. Panda maembe ya kuunganishwa kwenye mpaka. Weka mbuzi. Na katika zile pesa za kila wiki, tenga za mchumo mmoja kila mwezi, uziweke katika chama cha akiba na mkopo na usiziguse. Mama yule wa gunia alikosa michumo miwili tu ile wiki ya Mei, akalazimika kukopa unga dukani. Michumo miwili! Wa Igembe walikosa miaka miwili.

Jambo la nne, jisajili. Najua watu wanaogopa daftari la serikali, wanafikiri ni la kodi. Lakini penye mjadala wa sheria, mkulima asiyehesabiwa hayuko. Watu wa Pwani walipozungumza, wazazi walizungumza, madaktari walizungumza, viongozi wa dini walizungumza. Upande wetu walizungumza wanasiasa na wenye magari. Mwenye ekari moja na nusu hakusikika. Ushirika wenye daftari la wanachama, wenye kumbukumbu za dawa ya wadudu na ahadi ya kutomuuzia mtoto, ungekuwa na la kusema mbele ya kamati ya Bunge.

Kuna walioniandikia kuuliza juu ya bangi. Wamesikia kwamba Lesotho ilitoa leseni mwaka 2017, na kwamba Moroko ilipitisha sheria mwaka 2021, nao wanauliza kama watafute mbegu. Jibu ni hapana. Kenya bangi imekatazwa na sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1994. Warasta walikwenda mahakamani mwaka 2021 kudai ruhusa, lakini kesi kuwa mahakamani si ruhusa ya kupanda. Na hata pale iliporuhusiwa, tazameni masharti. Moroko waliruhusu katika mikoa mitatu tu ya milimani, kwa matumizi ya dawa na viwanda peke yake, na mkulima lazima awe ndani ya ushirika, na mazao yaende kwa kampuni yenye leseni. Aliye nje ya hapo bado ni mhalifu. Jambo jema walilolifanya ni kwamba Agosti 2024 mfalme wao aliwasamehe zaidi ya wakulima 4,800 waliokuwa wamehukumiwa au wakitafutwa kwa sababu ya zao lile. Watu hao walikuwa wameishi miaka mingi wakimkimbia polisi kwenye vilima vyao wenyewe. Wewe huna mfalme wa kukusamehe, kwa hivyo mbegu usiguse.

Saa inakwenda. Mtapenda kujua mama yule ilikuwaje. Gunia lile lilikauka, tukawapa mbuzi. Magari yaliporudi, alichuma tena, akauza. Mwezi uliofuata aliniita nimsaidie kupima nusu ekari upande wa mto, akaniambia, "Hapa pawe pa ndengu, na kitambaa chako chekundu ukilete." Nilikipeleka.

Mdogo wangu bado anatafuna, ingawa amepunguza. Mama yangu hunipigia simu kila Jumapili, na hamalizi salamu kabla hajauliza, "Hayo majani bado mnayalima huko?" Nami humjibu, "Ndiyo, mama, bado yanalimwa."

Katika kipindi kijacho mwenzangu atawaeleza jinsi ya kusoma kibandiko cha dawa ya wadudu, neno kwa neno. Tafadhali wekeni chupa karibu na redio, ikiwa imefungwa vizuri na mbali na watoto. Kwaherini.